Ukoko wa Jumapili

Troli lenye gurudumu bovu liliwaangukia wao tena. Kila Jumapili wanaapa kwamba safari hii watachagua vizuri, na kila Jumapili wanakuwa wameshaingia ndani kabisa, wamefika kwenye vitunguu, ndipo gurudumu linapoanza kulia na kuvuta kushoto.

"Hili troli linatupenda sisi," alisema Injinia, akilisukuma kwa tumbo. "Limeona watu waliochoka kama lenyewe."

Msije mkamheshimu bure, hakuwa injinia hata kidogo. Alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye ghala, na jina hilo alilipata siku alipoufunga mlango wa friji kwa kamba ya kiatu. Ulifungika kweli, na mpaka leo ukitaka maziwa katika nyumba ile unaanza kwa kufungua fundo.

"Sukuma, acha hadithi," alisema Dada Mkubwa. "Miguu yangu haina mkataba na duka hili."

Huyu alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo, mama mtu mzima aliyeachana na mumewe na kusema hataki mwingine hata wa kuazima. Wote wanne walikuwa wageni katika nchi ile, hakuna aliyekuwa na ndugu hata wa kusingizia, na Dada Mkubwa ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika nyumba yao.

Nyuma yao alikuja Nesi, ameshika ukingo wa troli kama mtu anayesaidia kusukuma, kumbe troli ndilo lililokuwa linamsaidia yeye kusimama. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Kazi yake ilikuwa kwenye nyumba ya kulelea wazee: kuwageuza, kuwaogesha, kuwalisha, na kuitwa kwa majina ya mabinti zao ambao hawaji kuwaona. Mgongo ulikuwa unamuuma, macho yanawasha kwa usingizi, na moyoni alikuwa na jambo zito kuliko mzee yeyote aliyewahi kumnyanyua.

Jambo lenyewe ni hili. Jumatano mama yake alimpigia simu, akamkuta amekaa kitandani na viatu vyake, hana nguvu ya kuvivua. Mama akaanza maneno yale yale ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi: mtu mstaarabu, mkewe amefariki, nyumba anayo, anamtaka, na wazee wake wameshakuja mara ya pili. Siku zote Nesi alikuwa na jibu. Jumatano hiyo alitazama viatu, akatazama ukuta, akasema, "Sawa, mama. Nitakuja." Basi, ikawa hivyo. Hakushawishika, jamani, alichoka tu. Na leo baada ya chakula mama angepiga tena, mjomba akiwa amekaa pembeni, ili ukoo usikie na siku ipangwe.

Huyo bwana mwenyewe alikuwa amemwona mara moja, kwenye msiba wa jirani. Alimpa kiti. Ukimuuliza Nesi anamjuaje mume wake mtarajiwa, jibu lote ni hilo: ni mtu aliyempa kiti.

Katika nyumba hakumwambia yeyote. Dada Mkubwa angempigia kelele, Injinia angemfanyia mzaha. Na yule wa tatu, ah, yule wa tatu ndiye aliyekuwa amesimama pale mbele, anabinya vitunguu kimoja kimoja, na Nesi alikuwa anautazama mgongo wake kuliko alivyokuwa anatazama vitunguu.

Walimwita Mpishi kwa sababu ndiyo kazi yake, kwenye jiko la hoteli kubwa. Mrefu, mpole, mikono ina alama za moto mpaka kwenye viwiko, na akishika kisu tu anaanza kuimba chini chini. Alikuwa na aibu moja inayojulikana nyumba nzima: wali unamshinda. Juu unakuwa mzuri, hakuna la kusema, lakini chini! Chini unashika, unatoa ukoko mnene wa rangi ya kahawia, na harufu inafika mpaka kwa majirani. Kila wiki wenzake wanaapa kumnyang'anya sufuria, na kila wiki anawawahi jikoni.

"Hoteli nzima inamtegemea mtu huyu," husema Dada Mkubwa, mikono kiunoni. "Sufuria ya watu wanne inamshinda!"

"Ndiyo maana wageni wao hawarudi," hujibu Injinia.

Mpishi hucheka, anasema jiko ni bovu. Na aliyefaidi uzembe wake alikuwa Nesi. Wengine ukoko unawaumiza meno, basi wakishapakua, yeye huivuta sufuria kwake na kijiko, akawa anakwangua polepole, na kwa muda huo mfupi uso wake unarudi kuwa uso wa binti wa watu.

Jumapili yenyewe ilikuwa amri ya Dada Mkubwa. Siku nyingine kila mtu anakula kwa saa yake, amesimama, mara nyingi kutoka kwenye kopo, maana anayeingia kazini anapishana mlangoni na anayetoka. Jumapili wananunua pamoja, wanapika pamoja, wanakula meza moja. Na vitu vya nyumba vikishatimia, kila mmoja anaruhusiwa kutia kwenye troli kitu chake kimoja cha moyo, na hakuna mwenye ruhusa ya kumuuliza kwa nini.

Injinia alitia biskuti za watoto, zile zenye picha ya tembo. Dada Mkubwa alitia sabuni ya kuogea yenye harufu ya waridi, kwa kuwa wiki nzima ananuka mafuta ya cherehani. Wakatangulia kwenda kupanga foleni, troli linalia. Mpishi akabaki nyuma, akamsubiri Nesi kwenye rafu ya mwisho, kama kawaida yake.

"Hujatia chako," alisema.

"Leo sina."

"Asali imeisha. Ijumaa nilikuta chupa umeisimamisha kichwa chini."

"Imeisha, ndiyo. Acha tu."

Lakini mkono wake mrefu ulikuwa umeshafika rafuni, ukaitoa ile ile yenye mfuniko wa manjano. "Unakunywa nini na maji yako ya moto, sasa? Maji matupu?"

"Irudishe," alisema Nesi, na sauti ikatoka kali kuliko alivyotaka. "Chupa yote hiyo? Sitaimaliza."

Alijisikia akilisema. Wee! Mtu aliyezoea kuimaliza chupa ya asali kabla mwezi haujaisha, na kuigombeza kwa kuisha upesi, leo anasema hataimaliza. Mpishi alimtazama. Alimtazama hivyo kwa muda, macho yake mazito ya mtu anayelala kidogo, na Nesi akayakwepa, akajifanya anasoma maandishi ya kopo la maharage.

"Unakwenda," alisema Mpishi. Hakuuliza.

Nesi aliendelea kuligeuzageuza lile kopo la maharage.

"Sawa," alisema Mpishi. Akairudisha chupa mahali pake, akaigeuza vizuri picha ya nyuki itazame mbele, akaondoka kuelekea foleni.

Njiani kulikuwa na manyunyu. Siku zote Mpishi huubeba mfuko wa Nesi na kutembea naye hatua kwa hatua, hata kama anatembea kama kobe. Leo mfuko aliubeba, lakini alitembea mbele. Nesi akawa anaufuata mfuko wake kwa macho mpaka nyumbani, na hapo ndipo alipogundua jinsi njia ile ilivyo ndefu.

Jiko lao lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu akifungua friji, mwingine lazima akae. Dada Mkubwa alikata mboga, Injinia alimenya viazi na kuviacha na macho yote, Nesi alipewa nyanya. Mpishi alisimama kwenye moto, amewapa mgongo, na leo hakuimba.

"Wewe unaumwa?" Dada Mkubwa alimuuliza.

"Nimechoka tu."

"Nani hajachoka humu ndani? Tuonyeshe mtu ambaye hajachoka tumpige picha."

Hakucheka. Kwa kawaida akishafunika wali huuacha, anakwenda mlangoni kupiga soga na Injinia, mpaka harufu imwite. Leo hakubanduka. Alipunguza moto, akatega sikio kwenye sufuria, akapunguza tena, akaweka kitambaa safi chini ya mfuniko, akasimama hapo kama mlinzi wa benki. Nesi alikuwa anakata nyanya na kusubiri ile harufu. Nyanya zikaisha, harufu haikuja.

"Makubwa!" alipiga kelele Dada Mkubwa alipopakua. "Njooni muone maajabu! Punje mbalimbali, hata moja haijamshika mwenzake!"

Injinia alisimama, akampa Mpishi mkono rasmi. "Hongera, bwana. Leo umefuzu. Jumatatu nenda ukadai uongezewe mshahara."

"Asante," alisema Mpishi.

Walikula. Ulikuwa wali mzuri, tusimdhulumu mtu, mzuri kuliko wowote uliowahi kupikwa kwenye nyumba ile. Uliobaki Dada Mkubwa aliuhamishia kwenye bakuli, uwe chakula cha Injinia cha kubeba kazini kesho. Na Nesi, kwa mazoea tu, mkono wenyewe ukaenda, akaivuta sufuria.

Ilikuwa nyeupe chini. Inang'aa, kama imetoka dukani. Alipitisha kijiko mara moja, kikatoa sauti ya chuma kwa chuma, na hakuna kilichotoka. Akabaki ameinama juu yake. Mtu ana mambo makubwa ya kulilia, ana mama, ana ndoa, ana nchi ya watu, halafu machozi yanakuja kwa sababu ya sufuria safi! Lakini yalikuja, tena bila kupiga hodi.

"Una nini, mdogo wangu?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Usingizi. Macho yanawasha."

Dada Mkubwa alimtazama yeye, akaitazama sufuria, akautazama mgongo wa Mpishi aliyekuwa ameshakimbilia vyombo. Huyu mama alikuwa ameishi, haelezwi mambo mara mbili. Akainuka.

"Injinia, twende ukanitazamie cherehani yangu."

"Cherehani yako nzima, niliitazama juzi."

"Basi twende ukaiharibu. Inuka!"

Wakatoka, wakapanda ngazi, Injinia ananung'unika na biskuti yake mdomoni. Jikoni wakabaki wawili na maji ya bomba.

"Leo hukuunguza," alisema Nesi.

"Mlikuwa mnalalamika."

"Nani alilalamika? Mimi nimewahi kulalamika? Usinijibu hivyo. Nataka kujua." Akaisukuma sufuria mezani. "Ulikuwa unaunguza makusudi?"

Mpishi alifunga bomba. Alijifuta mikono kidole kimoja kimoja, kama kwamba jibu liko katikati ya vidole.

"Unafikiri mtu anayepikia hoteli nzima atashindwa na sufuria ya watu wanne?"

"Lakini kwa nini?"

"Wiki ile uliyofika hapa," alisema, "Dada Mkubwa alikuwa anagombana na mtu kwenye simu, wali ukamuungulia. Wewe ukatoka kazini, ukaikuta sufuria hapo. Ukala umesimama, kwa mkono, hata koti hujavua. Ukacheka peke yako. Ukajisemea kwamba nyumbani baba yako alikuwa anauficha ukoko chini ya sahani yake mpaka wengine waondoke, halafu anakupa wewe. Ukasema tangu azikwe hakuna aliyekuwekea tena. Kisha ukanawa, ukaenda kulala, kama mtu ambaye hajasema kitu."

"Sikumwambia mtu hayo."

"Nilikuwa hapa. Nimechuchumaa nyuma ya meza, nahangaika na fundo la friji. Hukuniona."

Nesi aliitazama tena ile sufuria nyeupe. Jumapili zote zile! Kejeli zote zile alizozivumilia Mpishi mbele ya watu, mikono kiunoni ya Dada Mkubwa, mizaha ya Injinia, yeye anacheka na kulisingizia jiko.

"Na hukusema neno," alisema.

"Nilikuwa nasema kila Jumapili."

"Kwa mdomo, mwanaume wewe! Mungu kakupa mdomo! Mimi nilidhani hujui kupika!"

"Ningekuambia nini?" Sasa na yeye sauti ilipanda kidogo, jambo ambalo Nesi hakuwahi kulisikia. "Mimi ni mtu wa kushika mwiko. Wadogo zangu wote wananitazama mimi. Kitanda changu kinagusa kuta zote za chumba. Na wewe unarudi hapa umechoka mpaka unasinzia na kijiko mkononi. Nikajiambia, usimwongezee mzigo huyu. Mpe ukoko wake, akalale."

"Na leo mzigo umepungua?"

"Leo umesema asali hutaimaliza." Aliitazama sakafu. "Nikaona nisizidi kukuzoesha kitu ambacho huko unakokwenda hakipo. Ni nani?"

Akamwambia. Mama, mjomba, duka la vifaa vya ujenzi, Jumatano, viatu. Alisema haraka haraka, kama anayetoa ripoti ya zamu kwa mwenzake anayeingia.

"Unampenda?"

"Alinipa kiti."

"Alikupa nini?"

"Kiti. Kwenye msiba. Ndilo ninalolijua kumhusu." Nesi akaanza kucheka, cheko likageuka likawa jambo jingine, akajifuta kwa mkono wa sweta.

Mpishi hakucheka. "Kiti si kitu kibaya," alisema polepole. "Mtu aliyechoka anahitaji kiti."

Jamani, kuna wema unaoudhi! Nesi aliruka kama aliyemwagiwa maji.

"Usiwe mwema kwangu! Siku nzima nawafanyia watu wema, nimeuchoka! Nagombana na wewe, na wewe gombana! Niambie nisiende, au niambie nenda salama. Sema kimoja nikisikie!"

"Nikikuambia usiende, nakupa nini?"

"Kwani nimekuomba kitu?"

Alifungua mdomo. Nesi aliona kabisa neno limefika kwenye meno. Na hapo hapo simu ikaanza kutetemeka juu ya meza, katikati ya sahani, inajisogeza yenyewe kuelekea kwenye chumvi. Mama.

Wote wawili waliitazama.

"Pokea," alisema Mpishi, na lile neno likarudi lilikotoka. "Usimweke mama yako."

Nesi aliichukua simu, akatoka nayo, akaufunga mlango wa jiko nyuma yake kwa nguvu. Alikaa kwenye ngazi ya kwanza, kwenye korido yenye viatu vya watu wanne na koti la Injinia linalodondosha maji. Moyo ulikuwa umekuwa mwepesi kwa namna mbaya, wepesi wa chombo kitupu. Basi. Hata mwenye maneno yake hana maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula? Sauti yako vipi? Mjomba wako huyu hapa, nimeweka sauti kubwa, anakusikia."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti yangu." Mjomba alikohoa, kile kikohozi chake cha mambo rasmi. "Hatutaki kukuchosha, najua kazi zenu huko. Sisi tunataka siku tu. Watu wanatungoja, na mtu mwenyewe ni wa heshima, hana papara. Tupe siku, tuwaambie."

"Siku ya kuja," alisema mama. "Si lazima iwe kesho."

Nesi aliegemeza kichwa ukutani. Siku. Ilikuwa rahisi sana. Unataja mwezi, unataja tarehe, wao wanafurahi, wewe unakwenda kulala. Alikuwa na usingizi wa mwaka mzima. Alifumba macho, akavuta pumzi ili aseme.

Na pumzi ile ikaja na harufu.

Mwanzoni alidhani ni mawazo yake. Akavuta tena. Ilikuwa inapita chini ya mlango wa jiko, nyembamba, tamu kidogo, ya kahawia: harufu ya wali uliorudishwa motoni, unashika chini.

"Unatusikia?" aliuliza mjomba.

"Nawasikia," alisema Nesi, na akajikuta anatabasamu na koti linalodondosha maji. "Mama, kuna wali unaungua huku."

"Basi si ukaepue sufuria! Nenda, tunakungoja."

"Hapana, mama. Uache uungue."

"Mtoto huyu amepatwa na nini?"

"Mama. Mjomba. Nisameheni. Jumatano nilisema ndiyo kwa sababu nilikuwa nimechoka. Mimi siji kuolewa. Yule bwana hajanikosea, ni mtu mzuri, alinipa kiti. Mwambieni atafute anayemtaka. Mimi simtaki."

Kisha mjomba, kwa sauti ya mtu aliyeshavaa koti la kutokea: "Sasa mimi nikawaambie nini wale watu?"

"Mjomba, naomba uwaambie kwamba kosa ni langu."

"Nipe simu," ilisikika sauti ya mama. Pakawa na mchakacho, mlango ulifungwa huko, na mama alipoongea tena, sauti ilikuwa karibu, ya wawili tu. "Ni yule anayeimba jikoni?"

Nesi alishtuka. "Mama, umejuaje?"

"Nimekuzaa. Kila nikikupigia Jumapili namsikia, na kila nikimsikia wewe unaongea polepole. Nikajua. Ndiyo maana nikawa nakuhimiza ya huku." Mama alipumua. Na yeye alikuwa amechoka, ilisikika. "Mwanaume wa jikoni, mwanangu? Wa nchi ya watu? Kwao ni wapi? Nani anamjua baba yake?"

"Simjui baba yake, mama. Namjua yeye."

"Unamjua nini? Atakupa nini?"

Nesi alitaka kutaja mambo mazito, upole, uaminifu, kazi. Yote yalikataa kutoka. Likatoka moja.

"Ananiwekea ukoko."

Nesi alimsikia anapumua, akasikia kiti kikivutwa, mama akikaa. Alijua mama anaona nini: meza ya kwao, sahani ya mzee, na mkono wa mzee ukipita chini yake akidhani hakuna anayemwona. Na kumbe muda wote kulikuwa na mtu anamwona.

"Baba yako alidhani sijui," alisema mama hatimaye. Sauti ilikuwa imelowa. "Nilikuwa naacha ushike kidogo ili apate cha kukuficha."

Nesi alifunika mdomo kwa mkono.

"Nina hasira na wewe," mama aliendelea. "Umenivunjia uso mbele ya ndugu yangu. Usinipigie wiki hii."

"Sawa, mama."

"Na huyo mtu sijamkubali. Usije ukasema nimemkubali."

"Sijasema, mama."

"Mwambie asiuache ukawa mweusi. Mweusi unakuuma tumbo, na wewe tumbo lako nalijua." Kisha simu ikakatika.

Juu, mlango ulifunguliwa kwa kishindo. "Nani anaunguza chakula changu cha kesho?" Injinia alipiga kelele.

"Funga mdomo na mlango," ilijibu sauti ya Dada Mkubwa. Mlango ukafungwa.

Nesi aliinuka. Mgongo ulikuwa unauma vile vile, macho yanawasha vile vile, kesho zamu iko pale pale. Alisukuma mlango wa jiko. Bakuli la Injinia lilikuwa tupu mezani, sufuria imerudi motoni, moshi mwepesi unatoka kwenye mfuniko, na Mpishi amesimama mbele yake ameshika mwiko kwa mikono miwili. Alipogeuka, Nesi aliona kwamba mtu mrefu vile anaweza kuogopa kiasi kile.

"Usiende," alisema. Kwa mdomo.

Nesi alivuta kiti, akakaa, akavua viatu. Kimoja, halafu cha pili. Akavisukuma chini ya meza na kuinyoosha miguu yake.

"Mama amesema usiuache ukawa mweusi," alisema. "Punguza moto."

Mpishi aliuweka mwiko chini, akapunguza.